Bati Juu ya Kitanda cha Muslimo

Nyumba ya Fardosa mjini Garissa ilikuwa imekaa miaka bila dari. Ukiinua macho ulikutana na mbao tupu na mabati, na ikifika saa saba mchana mabati hayo yalimwaga joto lisilovumilika. Sasa alikuwa amenunua mbao za dari na sponji ya kuzuia joto, lakini vilitosha chumba kimoja tu: cha binti zake wawili, au cha mama yake, Muslimo.

"Wawekee watoto," alisema Muslimo.

"Watoto wanashinda shuleni, hooyo. Wewe ndiye unayelala humu mchana kutwa," Fardosa akamjibu mama yake.

"Basi niache nilale."

Fundi Sadik, aliyekuwa juu ya ngazi akipima, alicheka, akamwita bibi kwa Kisomali. "Ayeeyo, huku juu hata yai linaiva. Unataka tukupike?"

"Pima kwa watoto, wewe. Ukinifunika mimi, mvua nitaisikiaje?"

"Mvua gani? Hiyo imeshasahau njia ya huku!"

Fundi alicheka peke yake. Muslimo alikuwa mfugaji kule Eldas, mbali kaskazini, mpaka ukame ulipommalizia ngamia, kisha mbuzi, ndipo akakubali kuletwa mjini. Hakuwa tena na mnyama wa kumtafutia majani. Hata hivyo kila siku alilala chali, macho kwenye bati, akisikiliza.

Fardosa akamwambia fundi asubiri kwanza.

Juma lile lile alimkuta mama yake amezirai kitandani, midomo imekauka. Hospitali wakasema ni joto. Muslimo akiwa bado ametundikiwa maji, Fardosa alimpigia Sadik simu.

"Weka kwa mama."

"Amekubali?"

"Weka tu, fundi."

Muslimo aliporudi aliitazama dari nyeupe kwa muda. "Mmeniziba," alisema, akageukia ukutani. Lakini chumba kilikuwa kimepoa, na usiku ule alilala fofofo. Fardosa, aliyetandika mkeka kando yake ili amwangalie, akapitiwa na usingizi pia.

Asubuhi alifungua mlango akakanyaga tope. Beseni lililoachwa uani lilikuwa limejaa maji.

"Mama, hamkusikia?" binti zake walipiga kelele. "Bati letu lilikuwa linalia!"

Muslimo alitoka akishika ukuta. Aliinama, akachota tope kidogo kwa kidole, akalinusa.

"Ilitoka upande gani?"

Fardosa aliwatazama watoto. Wakatikisa vichwa, walikuwa wamejifunika blanketi kwa kuogopa radi.

"Sijui, hooyo."

"Ilikuwa inaelekea Eldas?"

"Nilikuwa nimelala."

"Hata mimi," alisema Muslimo.

Alisimama akiangalia mbingu, ambazo sasa hazikuwa na wingu hata moja. Kisha akajipangusa kidole kwenye mtandio, akarudi ndani, kwenye chumba chake chenye baridi.