Kipimo cha Sinia

Tangu alfajiri Koulsoum alikuwa amekwisha funua kila sufuria mara kumi, na mara tano za mwanzo hazikuwa na kitu ndani. Alitoka jikoni akaenda ukumbini, akahesabu viti, akarudi jikoni, akaonja mchuzi aliokwisha kuuonja, akaenda tena kuhesabu viti. Vilikuwa mia tatu. Vilikuwa mia tatu na jana pia, wala hakuna aliyekuja kuviiba.

Wifi yake Hayrat, mke wa kaka yake, alikuwa amekaa juu ya gunia la mchele akimenya vitunguu. Alimwambia kwamba akiendelea kutembea hivyo, wageni wao wapima ardhi wakija watampima yeye, wajue amekwenda kilomita ngapi.

Koulsoum hakucheka. Roho yake ilikuwa juu juu.

Alizaliwa hapahapa Mahajanga, pwani ya Madagaska, mtaa wa Mahabibo, katika nyumba ya Wakomoro. Mwaka wa fujo, Wakomoro walipouawa na kufukuzwa mjini, alikuwa na miaka kumi na minane. Shangazi yake Echata alimshika mkono, wakapanda meli ya mizigo hadi kisiwa cha Nosy Be, wakashukia kwa jamaa zao Marodoka, karibu na mji wa Andoany. Huko alijifunza kazi. Echata alikuwa mpishi wa harusi na maulidi, na alikuwa na sheria moja: usihesabu vichwa, hesabu sinia. Sinia moja mikono mitano. Kila sinia kumi ongeza moja ya wale ambao hawakualikwa, maana hao hawakosi kuja. Kwa hesabu hiyo Koulsoum alilisha watu miaka kumi na minane, hata shangazi alipokwisha fariki, na hajapata kuona mgeni akikung'uta mkono mtupu.

Basi mwaka wa tisini na tano kijana mmoja, Elarif, aliyekuwa msimamizi wa ukumbi wa mikutano Mahajanga, alikwenda Nosy Be kwenye harusi, akala, akauliza nani amepika. Wiki mbili baadaye akamletea habari. Wapima ardhi wa nchi nzima watakutana siku tatu, watu mia tatu, chakula cha mchana na vinywaji. Apike siku ya kwanza. Ikienda vizuri, mbili zilizobaki ni zake. Isipokwenda vizuri kuna hoteli inayosubiri.

Lakini hoteli siyo iliyomnyima usingizi. Kilichomnyima usingizi ni Mahabibo. Kule mtaani bado walikuwako waliomjua mama yake. Hakutaka isemwe kwamba binti yule amerudi baada ya miaka yote hiyo, na watu wametoka kwenye chakula chake na njaa.

Akapiga hesabu. Mia tatu ni sinia sitini. Na sita za wasioalikwa. Sitini na sita, basi. Wali wa nazi, nyama ya ng'ombe, kuku wa kukaanga, majani ya muhogo yaliyotwangwa, achari ya embe. Juisi ya ukwaju madebe manane. Na kwa kuwa wengi wangetoka nyanda za juu, ambako mtu akishiba hutaka kunywa maji yaliyochemshwa na ukoko wa wali, aliuacha ukoko uungue vizuri chini ya sufuria tano. Hata hilo alilikumbuka.

Hayrat alimwonya mapema.

"Wifi, hawa hawali sinia. Hawa watapanga foleni na sahani, kila mtu na yake, kama wanasubiri sindano."

"Tumbo ni tumbo, wifi. Kuvaa suti hakuliongezi."

Saa sita na nusu milango ikafunguliwa. Vyakula vilikuwa vimepangwa juu ya meza ndefu, na foleni ikaanza kutambaa. Koulsoum alisimama nyuma ya meza, mikono imeshika kanga. Wa kwanza alikuwa bwana mwembamba mwenye miwani, shingo kama ya kuku. Akajipakulia nyama vipande sita. Akafikiri kidogo, akaongeza mapaja mawili ya kuku, akafunika kwa wali kama mtu anayeficha kitu. Aliyemfuata akaona, naye hakutaka kupunjwa. Wa tatu vivyo hivyo.

Hapo ndipo Koulsoum alipofahamu. Kwenye sinia mtu hula upande wake. Nyama hukaa katikati mpaka mkubwa aigawe, na anayenyoosha mkono mara ya pili anatazamwa na watu wanne. Shangazi hakupima matumbo hata siku moja. Alipima haya ya mtu mbele ya wenzake. Na kwenye foleni kila mtu amempa mwenziwe kisogo.

Alikwenda mpaka mwisho wa foleni, akarudi, akaenda tena. Waliokwisha pita walikuwa mia na kumi. Nyama ya sinia arobaini ilikuwa imekwisha. Alimtazama Hayrat akingoja kuambiwa "nilikwambia", na Hayrat alikuwa ameanza kuhesabu vipande vilivyobaki. Hilo ndilo lililomtisha zaidi.

Elarif alikuja mbio. Alitaka waongeze maji kwenye mchuzi, na yeye apige simu hotelini walete mikate na chochote kilichopo.

"Usipige, mwanangu," Koulsoum alisema. "Nipe meza zako na zile trei za kubebea glasi."

"Mama Koulsoum, hawa ni wageni wa serikali."

"Ndiyo. Na wana njaa."

Akaisimamisha foleni. Kwa Kimalagasi aliwaomba wakae watano watano, wataletewa. Vyakula vyote akavirudisha jikoni. Waliobaki walikuwa mia na tisini, mafungu thelathini na nane, na nyama ilikuwa ya sinia ishirini na sita. Akagawa kwa mkono, kipande kwa kipande, Hayrat akijaza wali na majani mengi ili trei isionekane na upara. Kila meza trei moja katikati na sahani tano tupu kuizunguka.

Akachungulia mlangoni. Watu wasiojuana walitazamana. Mmoja alinyoosha kijiko, akakirudisha, akamwambia jirani yake aanze yeye. Jirani akakataa. Kwenye meza moja kipande cha mwisho kilizungushwa mpaka kikapoa.

Trei ya thelathini na nane ilikuwa na shingo za kuku na mchuzi, lakini ilifika.

Elarif alirudi uso umekunjamana. Mabwana watatu wamelalamika kwamba wamelishwa kama watoto wa madrasa. Wengine wamechelewa kikao kwa mazungumzo. Mwenyekiti wa mkutano amekubali aendelee, kwa sharti moja: kesho foleni, na kila mtu sahani yake.

"Foleni, sawa," Koulsoum alisema. "Lakini kijiko cha nyama kitakaa mkononi mwangu. Wali wajipakulie."

"Na anayetaka zaidi?"

"Arudi nyuma ya mtu wa mwisho."

Jikoni hakikubaki kitu ila ukoko ulioachwa kwenye sufuria moja. Hayrat aliubandua, wakautafuna kwa achari, wamesimama. Hata hawajamaliza, Koulsoum alikwisha toka barabarani kuita pusipusi, kigari cha kuvutwa na mtu, amwahi mchinjaji kabla hajafunga, maana kesho, pamoja na wale watakaorudi foleni, ingehitajika nyama mara mbili, na vitunguu, na ng'ombe hajikati mwenyewe.