Siku Niliyopanua Diski za Studio

Diski za studio zilijaa miezi miwili baada ya kumzika mama yangu. Nilikuwa fundi wa video wa mama mmoja wa Kichaga, mwenye studio mjini Arusha, enzi ambazo biashara binafsi zilifunguliwa kila mtaa na kila mwenye uwezo alitaka harusi yake ichukuliwe video, na msiba pia.

"Harusi tatu wikiendi hii, na hakuna pa kuziweka," aliniambia. "Fanya ufanyavyo, lakini kazi ya mteja isipotee hata moja."

Zilikuwa diski nne zilizounganishwa zifanye kazi kama moja. Nilitakiwa kuongeza ya tano, mtambo ugawanye upya kila kilichomo, ndipo niipanue sehemu tunayohifadhia video. Umeme ukikatika katikati, unaweza kupoteza vyote, na ule ulikuwa wakati wa mgawo.

Kwa hiyo nakala kwanza. Diski ya pembeni niliyokuwa nayo ilikuwa ndogo. Ilimeza kazi za wateja, ikajaa. Ikabaki moja nje: mazishi ya mama, niliyoyachukua kwa kamera mwenyewe kijijini kwetu Nkoaranga. Dada yangu mkubwa alikuwa akiyasubiri, ukoo uyaone siku ya kuweka msalaba kaburini. Nakala nyingine haikuwepo popote.

"Ya mama yako umeitolea nakala?" bosi akauliza.

"Nimeitolea, mama."

Sijui kwa nini nilidanganya. Tangu msibani nilikuwa nimekufa ganzi. Watu wananipa pole, nawajibu kama karani wa posta. Ikipotea ipotee, nilijiambia, nitamwambia dada imeharibika, basi.

Nikachomeka diski, nikaanza. Asilimia zilipanda kivivu tangu saa tatu asubuhi. Saa sita umeme ukakatika kweli. Betri ikashikilia hadi jenereta likawashwa, nami nimekaa tu kwenye kiti. Moyo haukushtuka hata kidogo, na hilo lilinikera kuliko umeme wenyewe. Saa tisa kazi ikaisha, nafasi imeongezeka.

Kuona jina la faili hakutoshi, lazima ulifungue. Nilifungua harusi mbili, zikacheza. Nikafungua ya mama. Jeneza, migomba, mwinjilisti akiwaita watoto wa marehemu waweke mashada. Dada akapita. Kaka zangu wawili wakapita. "Kitinda mimba," akaita. Huyo ni mimi. Akaita tena, akasubiri, watu wakageuka mmoja mmoja kuitazama kamera. Picha haikutikisika. Mwishowe mwinjilisti akaita majirani.

Nilisikia aibu, kitu cha kwanza kukisikia tangu msiba. Video ilikuwa imepona yote, haikukatika hata sekunde moja, na ukoo mzima ungeiona. Nikachukua DVD tupu, nikamtolea dada nakala yake.