Jina nililompa karani wa jeshi

Leo nimemwingiza mwanangu jeshini kwa jina la utoto.

Tumetoka Matambarale alfajiri, tukapata lori la mradi wa karanga hadi Nachingwea. Kijana ana miaka kumi na saba na ndevu hazijatoka, basi karani akataka mzazi aseme mwenyewe.

"Mzee, huyu anaitwa nani?"

Swali jepesi. Nikataja lile la kabla ya jando.

Mimi, baba mtu. Mimi niliyechinja mbuzi siku alipotoka jandoni na jina jipya, nikaonya kijiji kizima kwamba la zamani nisilisikie tena. (Hapa silitaji. Nimeharibu vya kutosha.)

Foleni nzima ikacheka, maana vijana wote wa huku wanajua kuitwa jina la kabla ya jando ni tusi. Mwanangu akatazama chini.

Nikamwomba karani afute. Si mtu wa huku, mambo haya hayajui.

"Nimeshaandika kwa wino, mzee. Anayefuata."

Baadaye wakamwita kwa jina lile. Wakaita tena. Nikajua asipoitika tunarudi sote nyumbani kupalilia ufuta, na kusema kweli nilikuwa naomba asiitike.

"Nipo, bwana."

Akapanda gari bila kuniaga.

Wenye watoto jeshini, nishaurini. Barua yenye jina lake la kweli haitamfikia kambini. Kila nikitaka kumsalimia mwanangu, itabidi nimtukane kwanza.