Boksi lina jina la duka: brake pads tulizoziogopa Kwale

Wakuu, shikamooni wakubwa, na wadogo hamjambo. Haya niliyaona kwa macho yangu, wala siuzi spea.

Tulikuwa watano gereji, Kwale mjini. Mimi. Dada yangu Mejumaa, tumbo moja. Binti yangu Mwanamvua, mwenye Probox. Fundi Hamisi wa marehemu Bakari, mkewe ni mtoto wa jirani yangu wa zamani kule Tiwi. Na Nduku, Mkamba mwenye duka la spea mlango wa pili.

Mejumaa alingojewa Msambweni saa nne asubuhi, kutolewa mtoto wa jicho. Alikuwa ameahirishwa mara mbili. Na breki zikasaga chuma asubuhi hiyo hiyo, na mteremko wa Kwale mnaujua.

Nduku akasema original zimeisha, hadi kesho. Akatoa boksi jekundu lenye jina la duka lake.

Mwanamvua akamwuliza, "Nduku, tangu lini una kiwanda?"

"Sina, dada. Kiwanda kinanitengenezea, naweka jina langu. Kama unga wa supamaketi."

"Unga ukiwa mbaya nitaharisha. Hii ikiwa mbaya nitawazika mama zangu wote wawili."

Nami nikamuunga mkono binti yangu.

Mejumaa akasema polepole, "Basi nirudisheni nyumbani." Akaanza kuupapasa mlango wa gari.

Sasa, fundi wa kwetu hatupi spea kuukuu. Anakukabidhi mkononi, usije ukasema hakubadilisha. Hamisi akanipa zile zilizokwisha, original alizozifunga mwenyewe. Nikazifuta kwa leso. Mgongoni pamegongwa alama, duara lenye miguu mitatu.

Shule niliishia darasa la pili, lakini nimesuka mikeka maisha yangu yote. Ua nikiliona mara moja silisahau.

Nikamwambia Nduku, "Hebu fungua boksi lako."

Duara. Miguu mitatu.

Wakuu, alama ni ile ile! Hamisi akazipima, akasoma namba. "Mama, kiwanda ni kimoja. Lakini alama peke yake hainitoshi, nitazijaribu."

Akazifunga, nikapanda naye. Mwanamvua alinikataza, nikapanda. Hamisi akazizoesha kwa kukanyaga kidogo kidogo, kisha mteremkoni akakanyaga kwa nguvu. Gari likasimama kama mbuzi aliyefika mwisho wa kamba. Nilicheka hadi machozi.

Msambweni tulifika kabla ya saa nne.

Kesho yake bandeji ikatolewa. Mejumaa akanitazama kitambo. "Weye, mbona umezeeka hivi? Hata hamkuniambia."

Nililojifunza: msinunue boksi. Geuzeni chuma, ulizeni nani katengeneza, na fundi ajaribu kabla ya safari. Si kila boksi la jina la duka ni kama la Nduku, mengine ni hatari tupu.

Nanyi mmefunga za namna hiyo? Zilishika? Na waliokuwepo, kama kuna jina au neno nimelikosea, nisahihisheni hapa hapa, sitakasirika.