Ramani ya Kevo na Mwaka wa Mildred

Jumamosi asubuhi Mildred Oguttu alifungua simu yake akakuta mama yake amegeuzwa zimwi.

Aliyefanya hivyo hakukusudia, na hilo ndilo lililomkera zaidi. Mtu akikutukana makusudi, unajua pa kumshika. Huyu alikuwa amechora kwa furaha, akapaka rangi, akaweka na alama za moto chini yake.

Tuanze na Mildred mwenyewe, ili umwelewe. Alizaliwa Masinya, upande wa Uganda, na sasa ana miaka kumi na minne akifanya kazi upande wa Kenya, katika kibanda chenye kompyuta moja na printa moja, hatua chache kutoka geti la Busia. Mama mwenye trei za mayai, kijana mwenye magunia ya vitunguu, wote humjia awachapie karatasi za mpakani. Hamalizi sentensi bila kukatizwa, na hajawahi kumfukuza mtu. Ila watu wengi wanamjua kwa jambo lingine kabisa. Yeye ndiye msimulizi wa *Wavukaji*.

*Wavukaji* ni mchezo wa mashujaa unaochezwa kwenye grupu la simu, kwa kuandika tu. Kila mchezaji ana shujaa wake mwenye uwezo wake. Nashon, dereva wa trela anayeshinda kwenye foleni ya Malaba, ni Kapteni Foleni: akipiga honi, muda unasimama kilomita nzima. Paddy, binamu yake Mildred, mkulima wa kule Masinya, ni Muhogo: huzama ardhini hapa, akachipua kule. Kevo, fundi simu wa mtaa wa pili kutoka kibandani, ni Umeme: hukimbia juu ya nyaya. Mchezaji anaandika anachofanya, Mildred anaandika kilichotokea. Walianza wakiwa watano, wakafika themanini na kitu, nusu Wakenya, nusu Waganda. Kevo akawatengenezea hadi ukurasa wa mtandaoni.

Sehemu ya kwanza ilipokwisha, watu hawakumpa Mildred nafasi ya kupumua. Sehemu ya pili lini, msimulizi? Basi akaitisha kura mbili, mahali na wakati. Kwenye wakati aliweka mwaka wa 2090 na mwaka ule wa barakoa, mpaka ulipofungwa. Kwenye mahali aliweka mji wa kubuni ulio juu ya mawingu, na chini yake akaandika: *Huku kwetu, Busia.*

Mwaka wa barakoa ulishinda kwa kura chache. *Huku kwetu, Busia* ilishinda kwa kura sitini na moja, na watu wakapongezana siku nzima. Hakuna aliyekumbuka kwamba Busia ziko mbili, geti katikati, na kwamba kila upande hujiita huku na kuuita wa pili ng'ambo. Mkenya aliyepiga kura alikuwa na Busia yake kichwani. Mganda naye vivyo hivyo.

Kisha Kevo akaleta ramani.

Upande wa Kenya ulikuwa kamili: soko, stendi, barabara, hata kibanda cha Mildred chenye paa la bluu. Kuanzia geti kwenda magharibi hapakuwa na kitu. Palikuwa na doa jeusi, na juu yake neno moja kwa herufi za damu: NG'AMBO. Kutoka kwenye doa hilo alikuja adui wa sehemu ya pili, bibi kizee aliyepinda mgongo, kitambaa kichwani, kikapu mkononi, anapita vichochoroni usiku na kuwakohoa watu hadi wafe. Kevo alimwita Bibi Kikohozi.

Waganda waliwaka kabla jua halijapanda. Paddy hakusubiri. Alichora ramani yake kwa kalamu ya mkaa juu ya karatasi ya mfuko wa saruji, akaipiga picha: Masinya, kanisa, visima, njia zote, na mashariki ya geti doa jeusi limeandikwa NG'AMBO.

"Haya," akaandika Paddy kwa Kiswahili chake cha kuungaunga. "Hii ndio huku. Kama nyinyi nataka adui, adui natoka kwenu."

"Ramani ya saruji hiyo, bro? Ngoja ikauke kwanza," mtu wa upande wa Kenya akamjibu, na vicheko vikamiminika. Matusi yakafuata vicheko, na wachezaji tisa wakajitoa kwenye grupu.

Mildred aliiweka simu mfukoni. Alimwambia mama wa mayai asubiri, akafunga kibanda, akatoka.

Kevo alikuwa ameinamia simu iliyofunguliwa tumbo, mteja mmoja amekaa kwenye benchi. Alipomwona alitabasamu hadi magego.

"Anti Mildred! Umeona ramani? Imeweza, ama haijaweza?"

"Bibi Kikohozi umemtoa wapi?"

"Kichwani tu, anti. Mchezo bila adui ni nini?"

"Na kwa nini atoke ng'ambo?"

"Sasa atoke wapi? Watu wamepiga kura huku kwetu. Huku ni huku." Akagonga sakafu kwa kisigino, kama mtu anayeonyesha mpaka wa shamba.

"Huku kwa nani?"

"Si ni wewe uliandika hivyo?"

Neno hilo lilimpata Mildred. Ni kweli, yeye ndiye aliyeandika.

"Mfute," alisema.

"Simfuti. Watu kibao wamempenda."

"Waliompenda ni wa huku!"

"Umesikia?" Kevo alimgeukia mteja wake. "Hata yeye anasema huku." Mteja akacheka, kisha akaona uso wa Mildred, akajitia kutazama saa.

Mildred aliweka mikono yote miwili juu ya meza, katikati ya skrubu. "Mama yangu alikufa mwaka huo, Kevo. Benedeta. Alikufa kwa kifua, Masinya, ndani ya hilo doa lako. Mimi nilikuwa hapa. Niliona maziko yake kwenye simu, Paddy ameishika, na bando likamwishia kabla ya udongo."

Kevo aliweka bisibisi chini. "Pole, anti. Wallahi sikujua."

"Nilikwenda getini asubuhi hiyo. Askari akaniuliza, unakwenda wapi? Unajua nilimjibu nini? Ng'ambo. Mtu anakwenda kumzika mama yake, anasema anakwenda ng'ambo! Mdomo umezoea. Akaniambia ng'ambo kumefungwa, rudi. Sikusema nyumbani. Sikusema mama. Nikageuka nikarudi. Na malori yanapita pale pale, Kevo. Mafuta ya kupikia yanapita. Sabuni inapita."

Kevo aliigeuza feni yake imwelekee Mildred.

"Basi tubadilishe mwaka," Kevo alisema kwa upole. "Twende 2090. Magari yanapaa, mpaka hakuna, kila mtu sawa. Si ni rahisi?"

Alidhani anamtuliza, maskini. Mildred alihisi hasira ya kweli sasa, ile ya kwanza ilikuwa kionjo tu.

"Nani amekuambia nataka mwaka ubadilishwe? Unamfanya zimwi, halafu nikilia unamfuta kabisa? Mwaka ni ule ule. Ramani yako ndiyo sitaki."

"Na ukurasa ni wangu, anti. Neno la siri ninalo mimi."

"Kaa nao. Tulianza bila ukurasa."

Alirudi kibandani, akamchapia mama wa mayai karatasi yake, akakosea jina mara mbili. Kisha akafungua grupu lile lile walilolianzia, akaandika:

*Wavukaji, sehemu ya pili. Hakuna ramani. Mahali ni geti. Siku ni moja, mwaka ule. Kila mmoja wenu, wa upande wowote, mama yake yuko upande wa pili, na amefariki jana. Maziko ni saa nane mchana. Sasa ni saa tatu asubuhi. Mmefika getini. Uwezo wenu mnao. Hakuna zimwi. Kuna askari mmoja, naye anauliza: unakwenda wapi?*

 Ujumbe wa kwanza ulikuja pembeni, kwake peke yake, kutoka kwa Paddy. "Sista. Hii kitu mimi nakumbuka. Andika tu."

Aliyeanza kucheza ni Nashon. "Kapteni Foleni hana shida. Malori yanaruhusiwa. Napita na trela langu."

*Unapita,* akaandika Mildred. *Lakini karatasi zako zinasema mzigo unashuka Kampala, na huruhusiwi kusimama njiani. Unaipita njia panda ya kwenu. Unawaona watu, unaona jeneza. Ukikanyaga breki, trela linakamatwa.*

Nashon akamweka Kapteni Foleni kando. Kisha: "Dada, hii si mchezo. Tulikuwa hatushuki. Mimi nilipita maziko ya shangazi yangu hivyo hivyo, mwaka ule."

Muhogo akazama ardhini. Mildred akamwandikia kwamba anavuka salama, hakuna aliyemwona, ila muhogo hauna haraka: atachipua baada ya miezi tisa, juu ya kaburi lililokwisha kuota majani. Hakuna aliyeweka kicheko.

Kufikia saa sita mchana, kwa saa ya mchezo, walikuwa wamerudishwa watu ishirini na sita, Wakenya na Waganda. Mmoja alijigeuza moshi, akapimwa joto. Mwingine aliinua geti zima kwa mkono mmoja, akakuta nyuma yake geti lingine. Wale tisa waliojitoa walirudi mmoja mmoja bila kusalimia.

Ndipo Kevo akaingia. "Umeme. Napita juu ya nyaya."

*Nyaya za upande huu zinaishia kwenye nguzo ya mwisho. Umesimama juu yake. Unakwenda wapi, anauliza askari.*

"Namwambia ni mama yangu."

*Anasema pole. Anasema amri ni amri.*

"Namwonyesha picha ya mama."

*Anaitazama. Anakurudishia.*

"Nalia."

*Wengi wamelia leo.*

"ANTI HII SI HAKI. Nimejaribu mara nne! Nani ametunga sheria za kijinga namna hii? Nataka kuongea na mkubwa wa huyo askari!"

*Mkubwa wake naye ana mkubwa wake. Ni saa saba na nusu. Zamu yako.*

Wote walimsubiri Kevo. Nje ya kibanda, mtu aligonga dirisha akitaka kuchapiwa barua. Mildred alimwonyesha kiganja.

"Basi naacha nguvu zote," Kevo aliandika hatimaye. "Sitaki umeme. Naruka hilo geti kwa miguu yangu. Kama ni kupiga, anipige!"

Mildred aliisoma mara mbili. Mwaka ule yeye hakuruka. Alikuwa amejiambia mara nyingi kwamba hapakuwa na la kufanya, na mara nyingi hakuliamini neno hilo. Akaandika:

*Unaruka. Umeanguka upande wa pili, goti linavuja damu. Askari anakuita mara ya kwanza. Ni saa saba na dakika arobaini, na Masinya ni mbali. Kimbia.*