Memori ya Kutosha Kamina Sikuitaka

Siku moja haijanitoka kichwani, mwanangu, ingawa nyingine nyingi zimeshapotea: siku shemeji yangu aliponikalisha chini ya paa langu lililokuwa linavuja, akaniambia kompyuta yangu ina memori ya kutosha kwa Kamina, mji wetu huu. Nitakueleza habari hiyo polepole, kwa sababu nimesikia unataka kununua kompyuta ya kutengenezea video za harusi na muziki wa wenzako, na tayari kuna mtu wa dukani amekwambia uchukue ile ndogo, eti kwetu huku inatosha. Usitoe pesa bado. Kaa kwanza.

Mimi shule niliiachia darasa la nne, na simwonei haya mtu. Nilianza kwa kung'arisha viatu vya wasafiri pale gare, kituo chetu cha treni, nikabeba mizigo, nikanunua kamera iliyotumika, na kabla sijafika miaka thelathini hapakuwa na ubatizo wala ndoa mjini hapa ambayo haikupita mbele ya jicho langu. Wako waliosoma mpaka wakavaa miwani, na picha zao za ndoa nimewapiga mimi. Nasema hivyo si kwa kujisifu. Au basi, ni kwa kujisifu. Nimefanya kazi, nina haki.

Ilikuwa miaka ile ya mwisho ya tisini, vita ya pili ya nchi yetu. Reli ya kwenda kaskazini ilikatika: upande huu serikali, upande ule waasi. Unajua watu wa reli walivyo, mtoto mmoja Luena, mwingine Bukama, mwingine Kabalo, mwingine Kalemie, kila kituo kina damu yao. Ghafla nusu ya familia ikawa haifikiki. Mzungu mmoja wa mradi wa kilimo alikuwa anaondoka haraka, akaniuzia kompyuta yake, na skana, na printa. Hakuna aliyenifundisha. Nilibonyeza kila kitu mpaka mashine ikanizoea.

Hapo njo nikaanza kazi iliyonipa jina: kukutanisha watu. Unaniletea picha ya mume aliye Kalemie, ya binti aliye Lubumbashi, na yako wewe uliye hapa. Nawakata, nawapanga, mnatoka mmesimama pamoja kama mlipigwa siku moja, uwanja mmoja, jua moja. Wamama walikuwa wanalia dukani kwangu mpaka nikaweka kiti cha kulilia.

Basi akaja Mama Ngoie. Mume wake, Papa Mukalay, alikuwa ameendesha treni maisha yake yote, na sasa miguu imevimba na pumzi imekuwa fupi. Mama akaweka picha za watoto watano juu ya meza.

"Papa anataka kubaona batoto bote pamoja, na sisi wawili katikati, mbele hajakufa," akasema. "Usinipe maneno ya kesho-kesho. Kama hauwezi, sema."

Nilimwambia hakuna nisichoweza. Njo vile nilivyokuwa najibu watu, na njo vile ninavyojibu mpaka leo.

Lakini mashine ilikuwa na memori ndogo. Acha nikueleze memori ni nini, kwa maneno ya hapa kwetu. Fikiria gare yetu. Mabehewa yanakuja, na kuna njia nyingi za pembeni za kuyapangia, hili mbele, lile nyuma. Memori ni zile njia za pembeni. Zikiwa chache, ukitaka kutoa behewa la katikati lazima uyapeleke mengine mpaka Luena, uyarudishe, ndipo ufanye kazi yako. Kompyuta yenye memori ndogo inafanya hivyo hivyo: kila kitu inakipeleka kwenye diski, inakirudisha, inakipeleka. Kila uso niliouweka ulikuwa behewa. Nilipofika uso wa tatu, taa ya diski ikaanza kupepesa bila kupumzika, mashine ikaguna, na nje jenereta ikawa inakunywa petroli bure. Na petroli ya miaka ile, mwanangu, wanajeshi njo walikuwa wanakunywa wa kwanza.

Nilikuwa nimeweka pesa pembeni kwa ajili ya mabati. Nikasema: mabati yatangoja, naenda Lubumbashi kununua memori.

Shemeji yangu Ilunga akasikia. Alikuwa karani, mtu wa kanisa, tai shingoni hata siku ya kulima. Mtu mzuri, na kompyuta aliijua kupitia ofisi yake. Akaja.

"Shemeki, weye unataka memori ya Ulaya ya nini? Hapa iko Kamina. Ile uko nayo inatosha. Ukiweka sura moja, ibandike kabisa kwenye picha, iwe kitu kimoja. Kisha weka ya pili, ubandike. Mashine haitachoka."

Na ni kweli, njia hiyo ipo. Simwiti mwongo. Programu inakuruhusu kuziunganisha sura zote zikawa karatasi moja, na mashine inapumua.

"Nikishamubandika muntu," nikamwambia, "nitamubandua je?"

"Umubandue kwa nini? Picha haiko mutoto, eti itakua."

"Bantu banageuka, shemeki."

"Bantu, ndiyo. Picha, hapana. Nunua mabati. Dada yangu analala na sufuria kitandani, sababu ya mvua."

Mke wangu akajibu kutoka jikoni, "Mwache, kaka. Hata ukimupa mabati atayapiga picha."

Wakacheka wote wawili. Mimi nikafunga kompyuta ndani ya blanketi ya mke wangu.

Ndiyo, niliibeba yenyewe. Hapa ndipo ujue akili ya mtu asiyesoma. Mama anayejua soko haendi kununua unga mikono mitupu akategemea kopo la muuzaji. Anabeba meka yake mwenyewe, chombo cha kupimia, kutoka nyumbani, ile isiyobonyezwa chini. Nami nilibeba meka yangu. Nilisafiri na treni, boksi lile magotini, kati ya magunia ya samaki waliopakiwa Bukama. Mwanajeshi mmoja akataka kulikalia. Nikamwambia akalie kichwa changu kwanza. Akaniangalia, kisha akakalia samaki.

Muuzaji wa Lubumbashi alikuwa kijana, nywele zimepakwa mafuta. Akanionyesha kipande kidogo cha memori, kama kitana.

"Papa, chukua hii ya megabaiti thelathini na mbili. Kwa Kamina inatosha sana."

Neno lile tena. Nikamwuliza, "Weye umeshafika Kamina?"

"Hapana, Papa."

"Basi umejua je kitu kinachotutosha?"

Nilimwambia sitoi pesa mpaka aweke memori zake ndani ya mashine yangu, na nifungue kazi yangu, yote, kwa mara moja. Akakataa. Nikakaa juu ya ngazi ya duka lake, katikati ya mlango. Wateja wakawa wananiruka. Mwishowe akaleta bisibisi.

Tukaweka ya thelathini na mbili. Wazazi wakaingia, watoto watatu wakaingia, kisha taa ikaanza kupepesa vile vile. Tukaweka ya sitini na nne. Wote saba wakakaa.

"Unaona?" akasema. "Baliingia bote."

"Baliingia. Sasa ngoja nimusogeze mmoja."

Nikamshika binti wa tatu nimpeleke kulia. Mashine ikaguna.

"Baliingia," nikamwambia, "lakini hakuna anayeweza kujigeuza. Hii ni kama lori la kwenda Kabongo. Leta ile kubwa."

Kubwa ilikuwa mia moja ishirini na nane. Kijana akawaita wenzake wa duka la pili. "Mukuje muone, Papa wa Kamina anataka kutengeneza sinema." Wakaja, wakacheka vizuri sana, na wakati wanacheka mimi nikawa nawazungusha watoto wa Papa Mukalay kwenye kioo, huyu huku, yule kule, na taa ya diski imetulia. Nililipa. Mabati yote yakaingia ndani ya kitana kile.

Nyumbani walinipa jina, Papa Memori. Shemeji akapita jioni ile, akatazama juu, akasema, "Mvua bado inaingia," akaenda zake.

Papa Mukalay hakuweza kutembea, kwa hiyo niliifunga mashine kwenye baiskeli nikaenda kwake, jenereta tukaiwasha uani. Walimkalisha kwenye kiti, blanketi mabegani. Nikamfungulia picha. Nilikuwa nimeipanga kwa urefu, safi, mstari wa mbele na mstari wa nyuma. Nikangoja anisifu.

Akaitazama mstari kwa mstari. Kisha akasema, "Ni nani alikuambia kupanga batoto yangu kama chupa mu bar?"

Nikarudisha mkono kwenye mashine.

"Minyi nilikulipa unionyeshe batoto, haiko unionyeshe vile unajua mashine. Uyu wa kike hakai mbali na mama yake hata siku moja. Mulete. Uyu na uyu banagombana, batenge. Ule mudogo anakaa chini, mbele ya magoti yangu. Njo fasi yake."

Mwanangu, niliwahi kukemewa na wengi, na wengi niliwajibu. Yule nilimtii. Aliongea kama bado yuko gare anapanga mabehewa, na mimi nikawa nasogeza. Kulia. Nyuma kidogo. Mkono wake juu ya bega la ndugu yake. Mashine ilifuata kila neno. Pumzi yake ilikuwa inakatika, anasimama katikati ya sentensi, anaendelea.

Halafu akanyoosha kidole mpaka kikagusa kioo, kando ya sura yake mwenyewe.

"Hapa. Fungua nafasi."

"Ya nani, Papa?"

Mama Ngoie, aliyekuwa amesimama mlangoni, akajibu kwa mikono: akafungua fundo la kitenge chake, akatoa picha ndogo, imelainika kama kitambaa. Kijana mwenye fulana ya mpira. Alikuwa Banza, mtoto wao wa kwanza, aliyevuka kwenda kupigana upande wa waasi. Jina lake lilikuwa halitajwi katika nyumba ile. Baba mwenyewe ndiye aliyelikataza, kwa hasira na kwa hofu, maana mji ulikuwa umejaa wanajeshi, na kwa jambo dogo kuliko hilo watu walikuwa wanachukuliwa.

"Ulisema haiko mutoto yako tena," Mama akasema.

"Nilisema. Niko na kinywa, kinasema." Akavuta pumzi. "Muweke."

Niliiweka ile picha kwenye skana. Jenereta ilikuwa imeanza kukohoa, petroli iko chini kabisa. Kama ningekuwa nimewabandika wale wengine, ningelazimika kuanza upya kutoka uso wa kwanza, na mzee yule hakuwa na pumzi ya kuningoja. Kama ningenunua ile iliyowatosha saba, wa nane angetukalisha pale mpaka moto wa jenereta uzime. Banza akaingia. Wenzake wakasogea kumpisha. Nilimweka bega kwa bega na baba yake, na printa ikaitoa picha nzima kabla jenereta haijazima.

Papa Mukalay aliishika mpaka akalala nayo. Alikufa mvua za mwaka ule zikiwa bado zinanyesha.

Kwenye kilio, Mama Ngoie akaiweka picha juu ya meza ndogo, mahali pa kila mtu kuiona. Majirani walimsihi aifunike. Hakufunika. Ofisa mmoja wa jeshi aliyekuwa amepanga nyumba ya jirani akaja kutoa pole, akaitazama, akaweka kidole juu ya Banza.

"Na uyu?"

Watu wote wakaangalia chini. Hata mimi, mwenye mdomo huu.

Mama Ngoie akasema, "Uyo ni wa kwanza yangu. Alitoka mu tumbo hii mbele vita yenu haijaanza."

Ofisa akasimama pale. Kisha akavuta kiti, akakaa, akapewa chai kama wengine. Kama Banza alirudi au hakurudi, hiyo ni habari ya mama yake, si yangu ya kusimulia.

Sasa shauri langu ni hili, mwanangu. Usiulize muuzaji ni memori kiasi gani inatosha. Yeye anaona nguo zako na mji uliotoka. Beba kazi yako nzito kuliko zote, ifungue yote pamoja, picha na sauti na kila kitu, isogeze mbele yake, uone kama mashine inaguna. Gigabaiti nane za siku hizi ni za barua na hesabu za duka. Video yako itazilemea. Uliza pia kama mashine inafunguka kuongezewa baadaye, maana hizi nyembamba za leo nyingine zimefungwa moja kwa moja. Usinunue ya kunionyesha mimi, mimi sishangai kitu. Lakini ukishapata kipimo cha watu wote unaowajua, ongeza nafasi ya mmoja ambaye hakuna aliyekutajia. Mwenye kazi atabadilisha moyo wake, na atabadilisha wakati umebaki mdogo.

Wakikwambia ni nyingi mno kwa Kamina, waambie Papa Memori amesema Kamina haina kipimo. Na Vidye, Mungu wetu, akupe mikono isiyochoka, akupe wateja wagumu wa kukukemea vizuri, na siku yule asiyehesabiwa atakapoletwa mbele yako, akukute una mahali pa kumweka.