Kutu ya Baba, Majivu ya Mama

Kwetu Masisi ukiulizwa kazi yako, unataja shamba, ng'ombe au duka. Mimi nalamba kutu. Ukiniletea pikipiki ya zamani ambayo haijapigwa rangi wala kubadilishwa vyuma, nalowesha kidole kwa mate, nasugua kutu, nalamba. Kutu ya miaka mingi ina ladha ya chuma na vumbi, basi. Kutu iliyopikwa juzi ina chumvi, na wakati mwingine ina kitu kibaya kuliko chumvi, kwa sababu kuna vijana huko njia ya Mweso waliogundua kwamba mkojo unazeesha chuma haraka. Nimeshalamba kazi yao. Tuishie hapo.

Watu wananiita muganga ya kutu, wanacheka. Wacheke. Huko juu kwenye malisho wako wafugaji wanaopenda pikipiki kuukuu kuliko wake zao, na hawachukui moja mpaka mimi niseme. Wanataka mikwaruzo iliyokuja yenyewe, rangi iliyofifia kwa jua, uchafu wa kweli. Pikipiki ikishapakwa rangi mpya wanaiita maiti iliyovishwa suti.

Baba alipofariki aliacha pikipiki bora kuliko zote nilizowahi kulamba. Aliipata kwa mapadri akiwa kijana, akawa anaipakia maharagwe na jibini, anateremka nayo msituni hadi Ntoto, upande wa Walikale, anarudi na mafuta ya mawese. Alifanya hivyo maisha yake yote. Chini ya bati la kuzuia matope kulikuwa na udongo mweusi wa kwetu na mwekundu wa Walikale, tabaka juu ya tabaka. Tangi lilikuwa limelainika mahali pa magoti yake. Kifuniko cha petroli kilipotea zamani, akachonga cha mti, na hakuona sababu ya kutafuta kingine. Wala hakuwahi kuiosha. Baba alikuwa mvivu wa kuosha, Mungu amrehemu, na uvivu wake ukageuka mali.

Baba mdogo, mdogo wake marehemu, aliiona mali hiyo kabla machozi yetu hayajakauka. Mfugaji mmoja alikuwa amemwahidi mtamba mwenye mimba, mradi mimi nithibitishe kwamba pikipiki haijaguswa. Vitu vya marehemu vingegawanywa siku ya kumaliza kilio, na pikipiki, alisema, ni kitu cha wanaume wa ukoo. Mama hakuulizwa.

Mama aliniita jikoni. Hakuzunguka. Pikipiki, yeye huiita moto.

"Ile moto isitoke hapa."

Nikamweleza kwamba mfugaji ana macho. Nikisema ni chuma chakavu, ataona nadanganya, na neno langu halitaaminika tena.

"Nani alikuomba udanganye? Miye niko mukristo. Weye useme ukweli tu."

Nilitoka nimekasirika. Ukweli ndio ungemnyang'anya pikipiki ya mumewe, na yeye alikuwa ananituma nikauseme.

Siku ilipofika nilipanda kilimani kumchukua mfugaji. Tuliporudi nyumbani Kibabi, ua ulikuwa umejaa watu, na katikati palikuwa na pikipiki ambayo kwanza sikuitambua. Iling'aa. Baba mdogo alikuwa amepiga magoti, mikono ya shati imekunjwa, anaisugua kwa majivu na mchanga kama sufuria ya bugali. Mama alisimama nyuma, ameshika portbagaje, kile chuma cha kufungia mizigo, ili isianguke.

Kwetu siku hiyo watu hunyoa vichwa, na vitu vya marehemu huoshwa kabla ya kugawanywa. Hakuna anayepokea shati lenye jasho la mfu. Baba mdogo aliamini kwamba kusema pikipiki haijaguswa maana yake ni vyuma havijabadilishwa. Kuosha ni heshima tu, hata mbuzi wa mahari huoshwa.

"Shemeki, na kule kwa tangi," Mama alikuwa akimwambia, kwa sauti ya upole ya mjane. "Vitu ya mufu haitoke na uchafu yake. Ongeza muchanga."

Baba mdogo akaongeza mchanga.

Mfugaji alinitazama. Nikachuchumaa, nikalowesha kidole, nikasugua, nikalamba. Majivu. Mahali pa magoti ya Baba palibaki bati jeupe lenye mikwaruzo mipya. Udongo wa Ntoto ulikuwa unatiririka kuelekea kwenye migomba. Nilitaka kupiga kelele.

"Sema basi," baba mdogo alisema akijifuta jasho. "Si iko bien?"

"Asubui ilikuwa na bei ya mutamba," nikamwambia. "Sasa, baba mudogo, umetengeneza sufuria."

Ua mzima uliangua kicheko, siku ya kilio. Mfugaji akachukua fimbo yake akaondoka hata bila kungoja chakula, na kwetu hiyo ni kama tusi. Baba mdogo akamgeukia Mama.

"Lakini weye njo ulisema nisugue!"

"Nilisema, shemeki. Miye niko mama wa jikoni. Najua nini ya moto?"

Mama akainamisha kichwa chake kilichonyolewa. Hakuna mwanaume wa ukoo aliyeitaka tena pikipiki. Ikabaki palepale uani, kwa mjane.

Miaka yote nilikuwa nakula kwake huku nikimhubiria juu ya uchafu wenye thamani. Nilidhani anapepeta maharagwe tu, hasikii.

Watu walipotawanyika nilimwendea.

"Mama, umefuta kazi yote ya Baba."

Alikuwa bado ameishika portbagaje, na sasa ndipo alipoinua mkono. Chini ya kiganja chake chuma kilikuwa cheusi, laini, kimeiva kwa mawese na jasho. Ni pale alipokuwa akishika alipopanda nyuma ya Baba, miguu upande mmoja, katika safari zote za Ntoto. Majivu hayakufika hapo.

"Hapa sikumuacha asugue," alisema.

Kisha akapanda, miguu upande mmoja, akarudisha mkono wake.

"Kaa mbele."

Petroli haikuwamo, na gurudumu la mbele lilikuwa limeishiwa pumzi. Nilikaa. Nikashika usukani, nikalia, na sikuona haya.

"Polepole," akasema nyuma yangu. "Baba yako alikuwa anaendesha mubaya sana."